Shati Lililosingiziwa: Maisha ya Romuald Jachimowicz, 1955–2024

Ndugu zetu, majirani, na nyinyi wa kikundi cha mbio mliokuja na jaketi za mazoezi kwa kuwa hamna koti jingine zito, asanteni kwa kusimama kwenye baridi hii. Mimi ni Kazimierz, mdogo wake marehemu. Padri amenipa dakika saba, nami nitazitumia zote.

Marehemu Romuald alizaliwa tarehe 7 Novemba 1955 katika kijiji kimoja karibu na Wiżajny, mtoto wa kwanza wa Stanisław na Eugenia. Mama alikuwa akisimulia kwamba theluji ilianguka mapema mwaka ule, mkunga akachelewa, na alipofika alikuta mtoto keshazaliwa, kaviringishwa kwenye koti la baba. Shule ya msingi alisoma huko huko kuanzia 1962 hadi 1970, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Kisha alikuja hapa Suwałki kusomea ufundi wa mitambo, akahitimu Juni 1975. Hesabu alikuwa anaziweza. Kuimba hakuweza, na aliimba hivyo hivyo.

Mwaka 1977, alipotoka jeshini, aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa, chumba cha boila, akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2015. Kazi yake ilikuwa kuchunga mvuke. Humo ndimo alimoipata ile tabia tuliyomcheka nayo maisha yake yote: hakuamini kipimo chochote kabla hajakigonga kioo kwa kidole. Aligonga mizani ya sokoni. Aligonga hata mashine ya presha hospitalini, muuguzi akamwambia, "Babu, huo si mlango, hakuna mtu ndani."

Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Danuta, ambaye nyumbani tunamwita Danka, aliyekuwa akifanya kazi maabara ya kiwanda hicho hicho. Danuta anasema alimposa kwa maneno haya: "Na sigara sivuti sana." Ulikuwa uongo mtupu. Alivuta pakiti mbili kwa siku mpaka Februari 2005, alipoziacha siku moja asubuhi, akavaa viatu vya Leszek mwanawe, akatoka kukimbia. Alirudi baada ya dakika sita akikohoa. Kesho yake alitoka tena. Tangu hapo alimaliza marathoni kumi na moja.

Mwaka 2019 alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi. Daktari aliusikiliza moyo wake, akamruhusu aendelee kukimbia, ila mapigo yasizidi 125 kwa dakika. Danuta naye aliweka sharti lake: mkanda wa kupima mapigo ukae kifuani kila siku, na akirudi nyumbani, saa ya mkononi inayoonyesha mapigo hayo aisome yeye Danuta kwanza. "Ukipita mia na ishirini na tano," alimwambia, "viatu vyako navitia jikoni, na jiko linawaka." Romuald alikubali.

Alilishika neno hilo. Kuanzia Novemba hadi Machi alikimbia polepole mpaka ukikimbia naye unachoshwa na baridi kabla ya kuchoka miguu. Kwenye kilima alitembea. Lucjan, mchokozi wetu wa kikundi, alikuwa akimwambia, "Romek, kuna konokono nyuma yako anaomba njia." Naye alijibu, "Mpishe. Tutaonana naye Aprili." Na kweli, kila Aprili, kwenye marathoni, aliwapita wengi waliomcheka, Lucjan akiwa wa kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo wanaokimbia wakati wa baridi kavu wanalijua, nyinyi wengine niwaeleze. Shati la nailoni likisuguana na mwili mkavu linatoa umeme kidogo, na mkanda wa kifuani unachanganyikiwa. Unaanza tu kukimbia, unajisikia mzima, saa inakuambia mapigo 190. Dawa yake ni kuulowesha mkanda. Romuald aliutemea mate, na ndiye aliyekuwa akiwatuliza wageni wote wa kikundi: "Usiogope, ni shati." Tulilisema neno hilo kila kipupwe, miaka nenda rudi, mpaka likawa salamu yetu.

Tarehe 9 Januari mwaka huu, tukiwa tunalizunguka bwawa la Arkadia, saa yake ilionyesha 178. Aliigonga. "Shati," akasema. Tulitembea kidogo, ikashuka. Tarehe 14 ilipanda tena, na safari hii hazikuwa dakika za mwanzo. Ilikuwa kilomita ya sita, mtu ameshatoka jasho, mkanda umelowa chapachapa. Mkanda uliolowa haudanganywi na shati. Yeye alijua, na mimi nilijua. Alishika ukingo wa daraja, midomo imembadilika rangi, akaniambia, "Usimwambie Danka. Zimebaki wiki kumi na mbili tu." Alikuwa akiitaka marathoni ya Aprili, iwe ya kumi na mbili, na alijua daktari akiiona namba ile ndiyo basi.

Danuta alipoisoma saa aliambiwa ni shati, lakini Danuta si mjinga. Alimnunulia fulana tatu za pamba. Namba haikushuka. Jumapili ya tarehe 21 tuliporudi, Romuald alipoingia bafuni, Danuta alinishika mkono pale mlangoni.

"Kazik, shemeji yangu, wewe ndiye unayekimbia naye. Ni shati kweli?"

"Ni shati."

"Hata la pamba?"

"Basi ni jaketi, Danka. Baridi ikiwa kavu hivi, kila kitu kinatoa umeme."

"Niapie."

"Sasa nikuapie kwa ajili ya nguo?" nikamwambia, nikacheka. Naye akacheka kidogo, akanipakulia supu.

Mtauliza kwa nini. Kaka aliniomba, hiyo ni moja. Ya pili ni mbaya zaidi. Mke wangu alishatangulia, na asubuhi zile tatu za wiki ndizo pekee nilizokuwa nikizingojea. Niliogopa kukimbia peke yangu. Sina sababu nyingine, nimeitafuta wiki nzima.

Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, baridi ikiwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, Romuald alianguka kando ya bwawa. Nilimkandamiza kifua, Lucjan akapiga simu, na gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na moja. Alikuwa na miaka sitini na minane. Daktari alituambia moyo ulikuwa ukienda mrama kwa majuma kadhaa, na kwamba hali ya namna hiyo hutibika mtu akiwahi. Nilimwomba arudie. Alirudia.

Marehemu ameacha mjane, Danuta. Watoto wawili, Jolanta wa Białystok na Leszek. Wajukuu watatu, Kinga, Tymon na Oliwia. Na mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi.

Haya niliyoyasema, Danuta aliyajua juzi Jumatano, nilipompelekea karatasi hii kabla ya kwenda kuchapwa. Nilimwambia afute anachotaka, na kama hataki kuisikia sauti yangu hapa leo, asome mtu mwingine. Alikaa nayo mezani muda mrefu, kalamu mkononi. Kisha akanirudishia bila kunitazama. Habari za shati hakuzigusa, wala jina langu hakuligusa. Amefuta neno moja tu katika karatasi nzima. Pale nilipoandika kwamba Romuald alifariki ghafla, amepiga mstari juu ya "ghafla".

Mungu ampokee kaka yangu, ampumzishe. Amina.