Risala ya Kikundi cha Shika Skrubu, Mwandiga, Siku ya Kuletewa Mashine Kumi na Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Veneranda uliyetoka mkoani kuja kwetu, kitendawili!

Ukishasema "tega", nasi tunatega: Nyumba ni yangu, nimeilipia mpaka shilingi ya mwisho, lakini naruhusiwa kuishi barazani tu.

Hatutakuacha uhangaike, Mheshimiwa, kwa sababu ukishindwa itabidi utupe mji, na si adabu kumnyang'anya mgeni mji mbele ya dereva wake. Jibu ni simu. Simu hizi za siku hizi zilizobandikwa kwa gundi, betri haitoki, kifuniko hakifunguki. Umeinunua, iko mfukoni mwako, lakini chumbani huingii. Ukitaka kujua kwa nini tumeanza na kitendawili hiki, tuvumilie mpaka mwisho wa karatasi.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana Mwandiga. Amahoro, yaani amani. Wazee wa hapa wanakuambia ukae, vijana wanakupa shikamoo, na kina mama wa kikundi wamekuandalia migebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali wa muhogo, usikimbilie mjini kula.

Anayesoma ni mimi Yuliana, mwenyekiti, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, darasa la nne la zamani, lile la kuandika kwenye kibao na kufuta kwa kiganja. Nikikosea kusoma usimlaumu mtu mwingine. Maneno ni ya kikundi kizima, watu kumi na wawili. Sauti tu ndiyo yangu.

KIKUNDI KILIVYOANZA

Mheshimiwa, hatukuanza kama mafundi. Tulikuwa kina mama saba wa mawese na muhogo, tukapata paneli moja ya sola, tukawa tunachajia watu simu. Basi siku moja akaja Petero, mvuvi, huyo aliyevaa kofia nyekundu pale nyuma. Simu yake ilikuwa imetumbukia ziwani.

"Bibi Yuliana," akasema, "simu imekunywa maji. Nifanyieni maarifa."

Tulikuwa tumesikia kwamba simu iliyolowa inafukiwa kwenye mchele. Lakini Mheshimiwa, mchele kwetu ni wa sikukuu. Nikasema mimi mwenyewe, wala simsingizii mtu: kama mchele unanyonya maji, unga wa muhogo si utanyonya zaidi? Ni mkavu kuliko mchele! Tukaizika simu ya Petero kwenye unga siku mbili.

Unga ukaingia kwenye kila tundu, ukakutana na maji yaliyokuwa ndani, ukashikana. Petero aliipokea, akaitikisa, akaitazama, akasema: "Bibi, nilileta simu, unanirudishia bagia!" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Ile simu ndiyo aliyokuwa anaitumia kuwapigia wanunuzi wa dagaa.

Sasa, kwenye foleni ya kuchaji alikuwepo mama mmoja, ametoka shamba, jembe lake ameliegemeza ukutani. Akasema, "Nipeni mswaki, wembe, na spiriti kama ipo." Huyo ni Bukeyeneza. Alivuka kuja huku mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, vita vikiwa vinawafukuza kwao Burundi. Baba yake alikuwa akitengeneza redio za wakimbizi wenzake, maana kila mtu alitaka kusikia habari za nyumbani, na binti ndiye aliyekuwa akimshikia taa. Ufundi aliupata hapo.

Kabla hajaanza, alimwambia Petero, "Panua mkono." Akawa kila skrubu anayoifungua anaiweka kwenye kiganja cha Petero. "Zishike. Nikimaliza kufunga ukabaki na moja mkononi, nidai."

Petero alikaa saa nzima mkono umepanuka kama anayepokea komunyo. Simu ikawaka. Mkononi hakubaki na kitu.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya kazi, na ndipo tulipopata jina. Hapa kwetu mwenye kifaa haambiwi "kiache, rudi kesho". Anakaa kwenye kigoda, anashika skrubu zake, anaona tumbo la kitu chake, anaambiwa huu ni moyo, hili ni ini. Hatufungui kitu cha mtu akiwa hayupo.

TULIYOYAFANYA

Hapa utuvumilie tujisifu, Mheshimiwa, maana asiyejisifu husifiwa na deni lake.

Tumetengeneza simu za wavuvi kutoka Kibirizi mpaka Ujiji. Wa Katubuka na Rusimbi wanapanda gari kuja kwetu, wakati mafundi wako mlangoni kwao. Ofisi moja ilitaka kutupa kompyuta tisa kwa sababu ni nzee, eti programu mpya hazizitaki tena. Tukaziomba. Tukazipa programu huria, zikafufuka zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo tunayoifundishia, kila mtoto amewahi kuifungua na kuifunga.

Kuna wanaouliza programu huria ni kitu gani. Mimi nawajibu hivi. Zamani asubuhi tulikuwa tunaazimana moto. Unakwenda kwa jirani na kigae chako, anakupa kaa, unarudi kupika, na moto wake haujapungua. Programu huria ni huo moto. Aliyeitengeneza anakupa, anakuonyesha alivyoitengeneza, anakuambia ukiweza kuiboresha iboreshe, na jirani akija na kigae chake usimnyime. Zile nyingine ni chakula kilichopikwa tayari: kitamu, lakini chungu ameficha mpishi, na siku akiamua kutopika unalala na njaa.

Basi programu yetu ya kuandikia barua ilikuwa inasema Kiingereza tu. Tukasema tuiweke kwa Kiha, lugha yetu ya hapa. Miezi saba, Mheshimiwa! Tuligombana wiki nzima juu ya neno la kuhifadhi barua, mpaka Bukeyeneza akauliza, "Mahindi mkiyaweka juu ya moshi yasioze, mnasemaje?" Tukasema tunasema *kubika*. "Na kwetu ni *kubika*," akasema. "Basi barua nayo ni mahindi." Tukamaliza.

Kazi ile tuliituma kwa watu walioitunga hiyo programu, walio mbali kuliko ninavyojua. Wakatujibu asante. Wakaweka majina yetu kwenye orodha ya waliochangia, na jina la Bukeyeneza limo, tena juu. Hakuna aliyemuuliza alivukia wapi. Waliangalia kazi.

TUNAVYOONA SISI

Kwanza, kuhusu vifaa. Hatupingi vitu vipya. Mjukuu wangu akinipigia kwa video namwona meno. Tunachokataa ni kuuziwa kitu halafu kukikuta kina mwenyewe mwingine.

Kuhusu kazi. Binti yetu Elida aliwahi kupata kazi ya kwenye simu, ya kuchagua picha: hii ni gari, hii ni mti, hii si mti. Alifanya miezi minne, macho mekundu. Asubuhi moja akakuta amefungiwa. Akatafuta wa kumuuliza, "Kosa langu ni nini?" Hakuna. Akaandika, akajibiwa na mashine. Sisi tunasema kazi ya haki ni ile ambayo ukiamka unajua wa kumwamkia. Bosi mkali tunamvumilia, maana bosi mkali ana mlango wa kugonga. Kwetu mtu haondolewi kazini kabla ya kukaa mbele ya wenzake na kusikilizwa, na aliyejifungua anakuta nafasi yake imemngoja.

Na siasa, tusizikwepe, maana wewe unazijua kuliko sisi. Kila uchaguzi ukifika tunaletewa fulana, kanga, na kofia. Hatujawahi kuletewa bisibisi. Tunapiga kura zetu, tunashangilia, mvua ikinyesha fulana inachuja rangi. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema tu kwamba kiongozi akitaka kukumbukwa Mwandiga alete kitu kinachofungua kitu kingine.

JAMBO LINALOTUKABA

Mashine kumi na mbili mpya unazoziona mezani, bado ziko kwenye maboksi yake, tumeletewa na kampuni yenye jina kwenye bango nyuma yako. Tunazihitaji. Shule ya msingi ya hapa ina watoto wanaokaa wanne kwa kompyuta moja, wawili wakibonyeza na wawili wakilia. Tulipoziona tulipiga vigelegele.

Lakini zimekuja na mkataba wa kurasa nane. Bwana Dismasi wa kampuni, kijana mwenye heshima aliyebeba maboksi kwa mikono yake mwenyewe, alikaa na mimi kunisomea. Niliyaandika tuliyoongea.

Nikamuuliza, "Mwanangu, ikiharibika?"

"Bibi, hizi haziharibiki."

"Mwanangu, hata mimi nimeharibika, na niliumbwa na Mungu."

Akacheka. "Basi ikiharibika haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa fundi wa kampuni. Ni kifungu cha tano."

"Yuko wapi?"

"Dar es Salaam. Lakini mtapiga namba ya huduma."

"Anapokea nani?"

"Inapokea mashine, Bibi."

"Kwa hiyo mashine ikiugua tukamwambie shemeji yake?"

Hapo alicheka kwa kweli, tena akaangalia chini. Akaendelea: kila mtu mzima atakayezigusa lazima aandikwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Watu kumi na mmoja tunayo. Bukeyeneza hana. Maafisa walipopita vijijini kuwaandikisha walioingia mwaka ule, alijiandikisha, na karatasi ya kupokelewa anayo, ameikunja kwenye Biblia. Cheti cha uraia hakijaja. Watoto wake wanne wamezaliwa hapa, mama yake amezikwa hapa.

Nikasema, "Muandike bila namba. Ndiye aliyetufundisha sote."

"Bibi, mfumo haukubali."

"Mfumo umetengenezwa na nani?"

"Na watu."

"Basi waambie hao watu."

"Bibi Yuliana, mimi ni mdogo kule kazini." Halafu akafunga mkataba, akaniuliza, wala si kwa kiburi, aliuliza kama mtu aliyechoka: "Niambie nikawajibu nini. Mnataka mashine kumi na mbili mpya, au mtu mmoja?"

Mwenyekiti hajibu peke yake swali la watu kumi na wawili.

Bukeyeneza alikuwa mlangoni, amesikia. Akasema, "Mama, sainini. Watoto wanahitaji mashine. Mimi shamba langu halidai namba." Akazifunga bisibisi zake kwenye kitenge, moja moja, kwa ukubwa wake, akaenda nyumbani. Hajakanyaga hapa siku tisa. Leo amekuja kwa sababu nilimwambia mgeni rasmi atahitaji mtu wa kumkaangia migebuka, Mungu anisamehe.

MAOMBI YETU

Tunayo mawili tu.

La kwanza, Mheshimiwa, uongee na kampuni ifute kifungu cha tano na kile cha namba. Mashine ziachwe wazi, tusije tukaishi barazani kama kwenye kile kitendawili; tuziwekee programu zetu, tuzifungue zikiugua, tuzifunge. Zikituharibikia mikononi, aibu ni yetu.

La pili ni faili la Bukeyeneza. Hatuombi apendelewe. Tunaomba lisomwe. Mtu aliyejiandikisha kwa hiari yake, akangoja kimya miaka yote hiyo, anastahili kujibiwa, hata kama jibu ni refu. Sisi majirani zake tuko tayari kuja kushuhudia kwa miguu.

MWISHO

Tunakushukuru kwa kukaa juani na kutusikiliza. Wanaoswali wamekuombea Ijumaa, wanaosali wamekuombea Jumapili, kwa hiyo njia yako ya kurudi imelindwa pande zote mbili. Mungu akupe afya, akupe wasaidizi wasiokuficha jambo, na nyumbani kwako pasikosekane wa kukucheka unapokosea.

Limebaki deni moja. Swali la Bwana Dismasi halijajibiwa, na ni haki yake kujibiwa, kwa sababu kule kazini wanamngoja yeye. Jumapili tulikaa watu kumi na mmoja. Tulianza na mdogo kuliko wote ili asiige wakubwa, tukaishia kwangu. Tulizungumza habari za wale watoto wanaolia shuleni, na wapo waliotoa machozi, maana si jambo dogo. Kila mmoja alisema la kwake, na lilikuwa moja. Bukeyeneza hakuwepo wala hakuambiwa. Analisikia sasa hivi pamoja na wewe, pale alipo jikoni, na naomba asimame aache hicho kikaango.

Bwana Dismasi, mwanangu, uliuliza mashine kumi na mbili mpya au mtu mmoja.

Mtu mmoja.

Ni sisi,
Kikundi cha Shika Skrubu,
Mwandiga, Kigoma.
Wanachama kumi na wawili.