Mabua ya Mzee Stefano Mhina Hayakuchomwa

Mzee Stefano Semboja Mhina alizaliwa Mazingara, wilayani Handeni, tarehe 12 Machi 1938, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Semboja Mhina, mkulima wa mahindi na mtama. Shamba alikozaliwa mnalijua, maana mmelipita mkija makaburini: ndilo hilo ambalo mabua yake yamesimama mpaka leo, wakati majirani wote wameshachoma ya kwao. Kuhusu mabua hayo mmesema mengi kwa miaka sita, na mengine mmeyasemea kwenye misiba ya watu, mkiwa mmeshiba. Leo familia nayo inasema. Tunaomba msikilize mpaka mwisho, kwa sababu aliyekuwa akituzuia kusema ndiye huyu aliyelazwa hapa mbele yenu.

Marehemu alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1951 ili amsaidie baba yake shambani. Hakuwa mtu wa kuijutia shule. Alipenda kusoma gazeti kwa sauti, liwe la leo au lililofungiwa sukari dukani, na akikuta neno asilolijua alilitamka kwa nguvu zaidi ili lisimtambie.

Mwaka 1956 alikwenda Ngombezi, upande wa Korogwe, kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Alianza kwa kukata majani, kisha akahamishiwa kiwandani kwenye korona, ile mashine inayoponda jani la mkonge na kubakiza nyuzi za katani. Huko alijifunza kusokota kamba, na tangu hapo mikono yake haikutulia. Hata kanisani, mahubiri yakiwa marefu, alisokota pindo la shati lake mpaka mkewe amfinye.

Mkewe huyo ni Mama Bernadina, binti wa Old Korogwe, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 7 Septemba 1963. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alikuta mbuzi wa mzee amekata kamba na watu wanamkimbiza ua mzima. Marehemu aliamkia, akakaa chini kabla hajakaribishwa, akatoa katani mfukoni na kuanza kusokota. Baba mkwe akauliza, "Kijana, umekuja kuchumbia binti au mbuzi?" Akajibu, "Tuanze na mbuzi, mzee. Binti hakimbii." Mama Bernadina anasema kwamba kweli angekimbia, ila alikuwa anacheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Beatrisi anayewasomea wasifu huu, na Semboja, aliyezaliwa miaka mingi baadaye.

Kilichomtoa Ngombezi ni plastiki. Kamba za nailoni zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilijaa duniani, walionunua katani yetu wakaiacha, na kiwanda kikawa kinapunguza watu mwaka hadi mwaka. Zamu yake ilifika 1986. Alirudi Mazingara na baiskeli, godoro na chuki ya nailoni ambayo hakuwahi kuificha. Nyumbani kwake ndoo ya kisimani ilivutwa kwa kamba ya katani, mbuzi alifungwa kwa katani, na mgeni aliyekuja na mzigo uliofungwa kwa nailoni alifunguliwa mzigo huo na kufungiwa upya, atake asitake.

Katika miaka hiyo ya kurudi ndipo alipompata Ledama Kuntai, mfugaji wa Kimaasai. Vijana wasiojua waelezwe: sisi wakulima na wafugaji wa mbugani tulikuwa na utaratibu wetu. Mahindi yakishavunwa, mwenye shamba hachomi mabua. Anakwenda mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye boma la mfugaji, anasimama langoni na kusema, "Shamba tayari." Hapo ng'ombe wanakuja, wanakula mabua, wanaacha mbolea, na maziwa yanaletwa nyumbani mpaka mvua zianze. Bila kuitwa, hakuna ng'ombe anayevuka mpaka. Mzee Mhina alimwita Ledama kila Agosti. Ledama alimwita yeye olchore, yaani rafiki, na mzee akawa anatamka olchore kwa Kizigua chake mpaka wake zao wanacheka. Nashilu, mke wa Ledama, ndiye aliyemlea Semboja kwa maziwa mwaka ambao Mama Bernadina alilazwa.

Soko huria lilipokuja, chama cha ushirika kilikufa na ghala lake likabaki la popo. Tuliambiwa tungoje wanunuzi binafsi. Oktoba 1997 akaja mmoja, Bwana Simeo, wakala wa kampuni ya kununua mbegu, akiwa na pikapu nyeupe na mdomo uliopakwa asali. Mkutano ulifanyika ofisi ya kijiji. Alieleza kwamba mafuta ya nyonyo, yaani mbegu za mbarika, yanaweza kugeuzwa plastiki ngumu, ile inayotengenezewa mirija ya breki za malori. Wazungu wamechoka na plastiki ya petroli, alisema, wanataka ya mmea, na soko lake halina mwisho. Kisha akamgeukia mjumbe wa serikali ya kijiji aliyekaa mbele, ambaye ndiye marehemu wetu huyu. "Mzee Mhina, nasikia nailoni ndiyo iliyokufukuza Ngombezi. Sasa shamba lako ndilo litakaloifukuza nailoni."

Alijua pa kumshika. Baba yetu alikaa wima kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya miaka mingi.

Ledama alikuwa amesimama nyuma, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Akauliza, na waliokuwepo wanakumbuka, hata kama wameamua kusahau: "Na ng'ombe je? Huyu mbarika akikaa shambani, ng'ombe akila?"

Bwana Simeo alicheka. "Mzee, hilo ni jani kama jani lingine. Ng'ombe wako watanenepa."

Bwana shamba alikuwa amekaa meza moja naye, akinywa soda. Hakusema neno.

Msituambie kwamba tungejua wenyewe. Tuliijua mbarika ya uani, ile ndefu ya karibu na choo, ambayo ng'ombe huipita bila kuigusa, na mtoto akichezea mbegu zake anapigwa kofi. Lakini mbegu ya Bwana Simeo ilikuwa ya kisasa, fupi, ya kupandwa katikati ya mahindi, na tuliambiwa si ile ya bibi zetu. Marehemu alikuwa wa kwanza kupanda, shamba zima, na watu wakamfuata kwa sababu walimwamini. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, mbarika ikastawi kuliko mahindi. Lori lilikuja mara moja, likabeba mzigo wa kwanza, watu wakapiga makofi.

Agosti 1998 marehemu alivuna alichoweza. Mbegu nyingine zilikuwa zimepasuka juani na kumwagika chini kati ya mabua, wala hakuna aliyeziokota, maana lori lingerudi na za kubeba zilikuwa tele. Kisha akafanya alilofanya kila mwaka. Alitembea mpaka kwenye boma la Kuntai, akasimama langoni, akasema, "Olchore, shamba tayari."

Ng'ombe waliingia shambani wakiwa na njaa ya kiangazi. Kesho yake walianza kuharisha damu. Walilala ubavu, wakakoroma, wakafa kumi na mmoja, na kati yao alikuwemo dume ambalo Ledama alilikuza kutoka ndama yatima. Marehemu alipiga magoti kwenye kinyesi kile akijaribu kumnyanyua jike mmoja shingo, akilia kwa sauti, na Ledama amesimama pembeni bila kumtazama.

Sasa tuseme yaliyofuata, na anayetaka kuondoka aondoke. Ilisemwa hapa kijijini kwamba Mzee Mhina aliwawekea ng'ombe sumu ili wafugaji wahame na yeye apate ardhi yao. Ilisemwa kwa Semboja shuleni. Ilisemwa kisimani mbele ya Mama Bernadina aliyekuwa ameinama anavuta maji. Mgambo walimchukua, akalala mahabusu, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, nanyi mkasema ameachiwa kwa sababu amehonga. Mtu ambaye hakuwa na hata nauli ya kurudi, alirudi kwa miguu.

Beatrisi alimfuata bwana shamba kumuuliza. Akajibiwa, "Nyonyo ina sumu, hilo linajulikana." Alipouliza kwa nini hakusema mkutanoni, akaambiwa, "Swali lile lilikuwa la Bwana Simeo." Tumelirudia jibu hilo nyumbani kwetu mara nyingi, na kila tukilirudia linachoma upya.

Bwana Simeo hakuonekana tena Mazingara. Tulisikia kwamba bei ya mafuta ya petroli ilikuwa imeanguka mwaka ule, plastiki ya petroli ikawa rahisi kuliko ya mmea, na wenye viwanda waliochoka na petroli wakapona uchovu wao. Wachache waliobaki wakanunua nyonyo kwingine. Magunia yetu yaliozea kwenye ghala la ushirika mpaka panya nao wakafa. Kwa hiyo kumbukeni vizuri: mara ya kwanza plastiki ilimnyang'anya Mzee Mhina kazi, mara ya pili ikamnyang'anya rafiki. Na hakuna aliyekuja kumwambia pole.

Alichofanya yeye ni hiki. Aling'oa mbarika yote kwa mikono, akachoma mashina, akafagia ardhi kwa ufagio kama anayefagia sebule, akiokota mbegu moja moja. Tangu mwaka uliofuata alipanda mahindi matupu, na akishavuna aliacha mabua yamesimama. Kila Agosti alikwenda bomani. Alisimama langoni, akasema, "Shamba tayari," akangoja, akarudi. Hakuna aliyemjibu. Mabua yaliliwa na mchwa mpaka mvua zikaja, na mkapata la kuongea: Mhina amekuwa mvivu, Mhina amerukwa na akili, Mhina anatega tena. Semboja alimsihi ayachome, yaishe. Alijibu, "Nikiyachoma ndiyo nitakuwa nimekubali."

Mwezi Juni mwaka huu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia na ulimi vikalegea, akalazwa hospitali Korogwe. Hakupoteza makali yake. Siku alipowekewa dripu alimvuta Beatrisi sikio, akaugusa ule mpira, na kwa shida akauliza, "Wa petroli au wa mmea?" Muuguzi alidhani anaweweseka. Mwezi wa saba, Nashilu alikuja wodini peke yake akiwa na kibuyu cha maziwa. Hakusema mumewe anajua au hajui. Alimnywesha kijiko kwa kijiko kama alivyomnywesha Semboja, akafunga kibuyu chake, akaondoka. Agosti ilipoanza, marehemu akawa na neno moja tu analolirudia, "mabua," na alituangalia mpaka tukamwambia tumeelewa. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 10 Agosti 2004, saa nane mchana.

Jumatano Beatrisi alikwenda kwenye boma la Kuntai kwa miguu. Aliamkia, "Shikamoo, baba," Mzee Ledama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamwekea kigoda.

Beatrisi hakukaa. Alisema, "Baba amefariki. Hakuwatilia sumu."

"Mimi sikusema alitia."

"Hukusema hakutia, baba. Miaka sita."

Mzee Ledama alichora chini kwa fimbo yake. "Vijana walikuwa moto," alisema mwishowe. "Ningesema si Mhina, wangeniuliza ni nani. Yule wa pikapu alikuwa ameshaenda. Mhina alikuwa hapa, karibu." Kisha akasema, "Kila mwaka nilimsikia langoni. Nilikuwa ndani, nimekaa. Nilimsikia."

Beatrisi alikuwa amekwenda na matusi yake tayari, na alikuwa na haki nayo. Lakini alikuwa ametumwa. Akarudi langoni, akasimama pale aliposimama baba yake, akasema, "Shamba tayari."

Taarifa mbili kabla ya kumaliza. Bwana Simeo, ambaye siku hizi ana duka Korogwe mjini, alituma hospitalini shada kubwa la maua ya plastiki likiwa na utepe wa pole. Limerudishwa dukani kwake na Semboja, na limewekwa juu ya kaunta mbele ya wateja. Pili, jeneza litashushwa kwa kamba za katani alizosokota marehemu mwenyewe kabla mkono haujalegea. Vijana mlioandaa nailoni, asanteni, kaeni nayo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Bernadina, watoto, Beatrisi na Semboja, wajukuu watano, ndugu yake Ledama Kuntai na mkewe Nashilu, na shamba lenye mabua. Mliompaka matope hatuwataji majina, maana kila mmoja anajijua, na udongo wa kumfukia upo wa kutosha kila mtu atupie wake akiwa anamtazama mjane usoni.

Wakati wa sala mtasikia kengele za ng'ombe upande wa shambani. Asinyanyuke mtu kwenda kuwafukuza. Wameitwa.

Pumzika sasa, baba. Wanakula.