Mama Pelagia, Aliyemwaga Rozela Siku ya Harusi

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu wa Butiama na majirani wa Mugeta, familia inawaomba mtege masikio, na anayetaka kucheka acheke, maana marehemu mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Mama yetu Pelagia Masatu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Bukima, mtoto wa tatu wa mvuvi Wenceslaus Masatu, akasoma hukohuko hadi darasa la nne mwaka 1954, akawa mhudumu wa zahanati mjini Musoma kuanzia 1959, na tarehe 6 Julai 1963 akafunga ndoa na mzee wetu Silasi Keraryo, mkulima wa pamba wa Mugeta, Bunda, Mungu akawajalia watoto watano, kifungua mimba akiwa Dorkas.

Mwaka 1983, sukari ikiwa ya foleni na zahanati hazina hata vidonge, mama alipanda rozela kando ya pamba, akaanika maua yake mekundu na kuwapikia wazazi waliojifungua na walioambiwa wamepungukiwa damu, na kwa kuwa kwetu mwenye chungu huonja kwanza, hakuna aliyepokea kikombe chake kabla yeye hajanywa.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, dawa za pamba zikauzwa mnadani kwenye chupa za soda zisizo na maandishi, na Juni 1995, mama akiwa msibani Bukima, wadudu walivamia rozela, mzee Silasi kwa mapenzi tupu akabeba bomba la dawa hiyo akayapulizia maua siku chache kabla ya kuvunwa, asimwambie mama, akiamini jua na moto humaliza kila kitu.

Tarehe 12 Agosti 1995, kwenye harusi ya Dorkas pale Butiama, mama alikuwa ameinua kikombe aonje, mzee akasimama, furaha imemzidi, akajigamba mbele ya wakwe kwamba bila bomba lake rozela hiyo isingekuwepo, na mama akashusha kikombe bila kuonja, akamwaga sufuria zote mbili chini. Wakwe walichukia, minong'ono ya uchawi ikaanza, na ndoa ya siku moja ikataka kuvunjika.

Mama hakubishana, alipeleka maua makavu na chupa ya rozela aliyoichemsha upya kwenye maabara moja Mwanza, na barua ya Novemba ikasema dawa imo, kuosha kumeipunguza tu, na kuchemsha kumeihamishia kwenye kinywaji, akaenda kuisoma mwenyewe Butiama, wakwe wakamkumbatia na kuchinja mbuzi, na magunia sita ya maua yaliyobaki yakafukiwa mbali na kisima.

Tangu hapo rozela ilihamishwa mbali na pamba, na mzee akawa anaokota wadudu kwa mkono kila asubuhi, mama akimwonyesha aliowaruka, naye akiwaambia wapita njia, "Nilikuwaga na bomba moja, sasa ninayo kumi," huku akionyesha vidole.

Moyo ulianza kumsumbua mama Februari 1998, akalazwa Musoma tarehe 2 Juni, na tarehe 9 Juni akatutoka, baada ya kumkumbusha mzee wadudu wa asubuhi ile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wahudumu wenzake wa zamani. Baada ya mazishi mtapewa rozela ya mama, aliyoagiza isinywewe na mtu kabla ya aliyeilinda kwa vidole vyake.

Pumzika kwa amani, mama, kikombe cha kwanza amekwisha kunywa mzee Silasi.