Bi. Hodi Aliyeihamishia Shule Majumbani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Afisa Mahudhurio wetu anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Elimu ya mji huu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lililo kwenye faili lake wengi wetu hatulitumii. Kwa watoto, kwa wazazi, hata kwa Mkuu wa Idara, yeye ni Bi. Hodi.

Alianza kama mwalimu wa darasa la pili. Mtoto akikosekana siku mbili mfululizo, jioni yake mwalimu yuko mlangoni kwao, chaki bado vidoleni. Idara ikaona heri impe kazi hiyo rasmi kuliko kuendelea kumkataza. Tangu hapo hakuna mbwa wa mji huu asiyemzoea, wala kisingizio asichokisikia. Baba mmoja aliapa kwamba mwanawe amesafiri. Mtoto akapiga chafya chini ya kitanda. Bi. Hodi akamtakia msafiri afya njema, akavuta kiti, akakaa kumsubiri arudi. Hakumsubiri sana.

Aliyemtoa jasho kuliko wote ni fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko, aliyewaweka wanawe wawili karakanani. Kila akimwona Bi. Hodi anakuja, fundi huyo alizidisha cheche na kelele za mashine ili asisikie anachoambiwa.

Kisha ukaja mwaka wa upepo. Uling'oa paa zima la shule ya msingi wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho. Ofisini tulikaa kikao kirefu, na wengi wetu tuliona watoto warudi nyumbani, wafanye mtihani mwaka unaofuata. Bi. Hodi akasimama.

"Wakishazoea kukaa nyumbani, nusu yao hatuwapati tena," alisema. "Kama ni nyumbani, basi twende nao sote, na walimu wao."

Hakungoja tukubali. Alianzia pagumu, kwa fundi. Safari hii fundi alizima mashine mwenyewe.

"Dada, shule yenyewe haina paa! Leo wanangu unawadai kwa lipi?"

"Sikuwafuata wanao, kaka. Nimeifuata karakana yako. Ina bati zima."

Fundi alicheka mpaka akavua miwani ya kazi, kisha akaanza kusogeza vyuma.

Asubuhi iliyofuata mji uliamka shule! Hesabu zilifundishwa kwenye duka la kinyozi, na mwalimu wa somo hilo hakuwahi kufurahi vile: aliandika ubaoni huku amewapa watoto mgongo, na kwenye vioo anamwona kila anayenong'ona. Sayansi ilikuwa karakanani. Lugha ilikuwa sebuleni kwa mama fundi cherehani, ambaye ilibidi aombwe kwa heshima aache kujibu maswali kabla ya wanafunzi. Ramani ilitundikwa kwenye mlango wa duka la sukari na sabuni, na kila mteja akataka kuonyesha mto anaoujua. Bi. Hodi alikimbia kutoka mtaa hadi mtaa akipiga kengele kubadilisha vipindi, viatu vimejaa vumbi, sauti imekauka, uso unang'aa.

Matokeo yalipotoka, hakuna aliyeanguka. Mji mzima ulishangilia kana kwamba ni sisi sote tuliofanya mtihani. Kinyozi hadi leo anadai hesabu alifundisha yeye. Fundi alichomelea kenchi za paa jipya, na wanawe walirudi darasani bila kufuatwa na mtu.

Jana tulipanga kumkatia keki saa nane mchana. Saa nane ikafika, mwenye sherehe hayupo. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, akatutuliza: "Mimi nimemngoja miaka yote hii. Nyinyi mnashindwa kungoja mchana mmoja?" Tulimpata sekondari, amesimama nje ya dirisha la kidato cha kwanza. Ndani alikaa binti aliyeacha masomo mwaka juzi kumuuguza bibi yake, na shangazi yake sasa, baada ya kubembelezwa na Bi. Hodi, amekubali kumchukua mgonjwa amtunze. Binti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuuliza swali. Bi. Hodi alitushika mikono, akatuomba tusimame kimya tumsikilize, na machozi yakamtoka huku anacheka.

Bi. Hodi, ahsante kwa kutomwacha mtoto hata mmoja apotee. Pumzika kwa raha, ule chakula kingali cha moto, na miaka iliyo mbele yako iwe mirefu na yenye vicheko tele.