Dada Puring Aliyekataa Kumtibu Mtoto

Dada Purificacion Dimaano, Dada Puring wetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Miaka thelathini na mitatu kwenye kliniki ya miguu hapa Marikina, Ufilipino. Mji mzima unashona viatu. Yeye kazi yake miguu yenyewe.

Sisi wa usafi tumemvumilia. Ukimaliza kupiga deki, anamlowesha mtoto nyayo, anamkanyagisha sakafu. Alama ikiwa na kiuno, sawa. Ikijaa kama kiazi, nyayo bapa.

Ila ana moyo. Nilipofiwa na mke wangu aliniletea wali wiki nzima. Anaweka mlangoni, anaondoka.

Mwaka juzi alikuja Bibi Herminia na mjukuu wake Jovelyn, miaka sita. Shuleni Jovelyn kachaguliwa kucheza ngoma ya mianzi, ile ya kurukaruka kati ya fito, bibi kakataa. Si unajua huku kwetu mkesha wa mwaka mpya watoto wanaruka ili warefuke? Bibi alishikilia huko kuruka ndiko nyayo za mtoto zilikobondeka.

"Karuka kama chura huyu! Nikamwambia basi, hasikii!"

"Lakini Bibi, haziumi!" Mtoto analia.

"Nyamaza. Dada, mpe viatu vya chuma."

Dada Puring akamsimamisha mtoto kwa ncha za vidole vya miguu. Tao, ule upinde wa unyayo, likatokea chini ya mguu, zuri kabisa.

"Bibi, huyu mzima. Watoto wengi wako hivi, wengi wao tao linakuja wakikua. Haumwi, simgusi. Acha acheze. Haya, sasa wewe. Simama kwa vidole."

"Mimi? Mimi nimeleta mtoto!"

"Nimeona ulivyoingia. Simama."

Kisigino cha mguu wa kulia kikanyanyuka. Wa kushoto, kisigino hakikubanduka. Kifundo kimevimba kwa ndani. Kumbe bibi alikuwa anapaka mafuta tu, anasema uzee.

Kano inayoshika tao ilikuwa imechoka. Dada Puring akampa soli ya kuinua tao, kifunga kifundo, na mazoezi ya kila siku. Hakumficha: yakishindikana, ni upasuaji.

"Nimekuja na mgonjwa, narudi mimi ndiye mgonjwa," bibi akanuna.

Lakini alifanya. Siku ya ngoma Jovelyn alicheza, bibi kasimama mpaka mwisho bila kushika kiti. Dada Puring analia mbele za watu. Tulimcheka sana.

Dada, asante kwa miguu yote uliyoitibu. Asante zaidi kwa ile uliyoiacha icheze. Nenda kapumzike, ule vizuri, uishi kwa raha.