Filimbi, Mlinzi wa Waogeleaji

Ndugu, jamaa na marafiki, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, kwa kuwa kikao cha familia kilimkabidhi yeye karatasi, naye hakuwa na nguvu ya kukataa.

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Filimbi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1979, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari hadi 1996, ambako walimu walimfahamu zaidi kwa kuogelea kuliko kwa madaftari.

Tarehe 1 Machi 1999 aliajiriwa kuwa mlinzi wa waogeleaji ufukweni, kazi aliyoifanya hadi mwisho, akipandisha bendera kila asubuhi, akiwakazia watoto jaketi za kuokolea kabla hawajapanda vitumbwi vya plastiki vya kukodi, na kumwambia kila mgeni kwamba mkondo ukimvuta asishindane nao, aogelee sambamba na ufuko hadi umwachie. Aliambiwa mara nyingi kwamba ana kelele, wala hakujali.

Mwaka 2004 alimpigia filimbi mwalimu mmoja wa hesabu mara tatu mchana mmoja kwa kuvuka maboya, mara ya nne mwalimu akatoka majini, akamwambia kama shida yake ni jina aulize tu, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005, wakajaliwa mabinti wawili, wote waogeleaji.

Jumamosi tarehe 11 Januari 2025, saa tisa alasiri, bendera nyekundu ya kukataza kuogelea ikiwa juu, mtu mmoja aliingia majini, mkondo ukamchukua, akapambana nao uso kwa uso hadi mikono ikaishiwa nguvu, marehemu akamfuata, akampa boya lake, akamsukuma hadi kwenye mashua ya walinzi, na wimbi likampiga yeye. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, mapafu yamejaa maji, akafariki Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi.

Karatasi iliyopitishwa na kikao inasema mtu mmoja, na inaishia hapo. Mtu huyo ndiye anayesoma. Bendera ile ilikuwa ikifuliwa nyumbani, yeye ameipiga pasi miaka mingi, akaizoea kama shuka, na siku ile aliiona akapita. Shemeji yake anajua, mabinti wanasikia sasa. Tangu Jumamosi ile hajalia, na anaomba asipewe pole.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku tatu za kuhangaika, majirani waliopika na kuwalaza wageni, na walinzi wenzake marehemu, waliomvuta msomaji huyu kumwingiza katika mashua, wanaojua kila kitu, na ambao leo asubuhi wamempa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Pumzika, kaka, kwa amani.