Maisha ya Dada Yetu, Mama Ubishi, Aliyelipwa Kugombana na Wazee

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la mikate, mtoto wa tatu wa mama mshona magodoro, na mkunga alisema kichanga kile kililia kama mtu aliyekatizwa maneno.

Aliingia shule ya msingi Januari 1968, na angewapita maprofesa wote mnaowajua, ila Juni 1974 alibishana na mwalimu mkuu kuhusu mahali kengele inapofaa kuning'inizwa, kengele ikahamishwa, naye akahamishiwa nyumbani.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya "sawa, mama", wakajaliwa binti, fundi cherehani, na kijana, dereva wa lori, kisha mwaka 2006 mume akatutoka, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba friji ilisikika ikinguruma mpaka barabarani.

Kimya hicho ndicho kilichomfundisha kazi. Mwaka 2009 alianza kuwaliwaza wazee wanaoishi peke yao majumbani, na wakati wenzake wakiwapapasa mikono na kuwauliza "tumeamkaje leo, babu", yeye aliingia, akavua kandambili, akatafuta la kupinga, maana aliamini kwamba mzee mpweke huruma anayo ya kutosha, anachokosa ni mtu wa kubishana naye, na ni kweli, wazee waliokuwa hawatoki kitandani walianza kuoga mapema ili ubishi uwakute wamevaa, na bibi mmoja akakubali hatimaye kutia meno ya bandia ili matusi yake yatoke safi.

Mzee wake wa mwisho alikuwa mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni, tuliyemwita Kufuli, kwani tangu afiwe na mkewe hakufungua mlango wala mdomo, chakula alikuwa akikitazama tu, na wanawe walishaamua kwamba akiendelea hivyo watauza nyumba yake, wamweke kwa zamu, mwezi kwa kaka, mwezi kwa dada, kama televisheni ya urithi. Siku ya kwanza dada yetu alionja chai ya pale, akasema ni maji ya kuoshea soksi, Kufuli akatazama ukuta, dada yetu akaongeza kwamba treni za enzi zile hazikuwahi kufika kwa wakati, mzee akainuka. "Wewe mama, toka nyumbani kwangu." Binti wa mzee akaangusha sufuria jikoni kwa furaha, na dada yetu akajibu, "Sitoki, thibitisha kwanza." Mzee alithibitisha kwa miaka minne, akala, akanenepa, nyumba haikuuzwa.

Mei 2023 moyo wa dada yetu ulianza kuchoka, madaktari wakamkataza ubishi, naye akalipinga agizo hilo papo hapo, na Kufuli akawa anajikongoja na fimbo yake kila alasiri kuja kando ya kitanda, wabishane kama kikombeni hutangulia maziwa au chai, huku watoto wa mzee wakianza tena kunong'ona kuhusu kuuza nyumba yake. Tarehe 9 Septemba mzee aliona pumzi za dada yetu zimepungua, akainamisha kichwa, akasema, "Haya, umeshinda, maziwa kwanza." Dada yetu akafumbua macho. "Usinidanganye, mzee wangu, wewe mwenyewe huamini." Akacheka kidogo, akalala, na tarehe 10 alfajiri akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta viti, na wenzake wa kazi waliofika kwa wingi. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Kufuli, ambaye jana, alipoulizwa na wanawe kama sasa atakubali kuhama, alijibu kwamba hana nafasi, kwa sababu muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, bibi mjane asiyetoka nje siku hizi, ametundika mapazia yake ndani nje, na Jumatatu anakwenda kumwambia.

Lala kwa amani, dada yetu, kazi yako imepata mtu.